Tovuti Isiyoharibika

Watu wengi huhangaika kujifanya wanajua wasichokijua. Placida Kobugabe alikuwa na hangaiko la kinyume chake. Alikuwa mtengeneza tovuti wa ushirika wa kahawa pale Nkwenda, mtu mzima aliyevuka thelathini, cheti chake cha chuo kimetundikwa ukutani kwa mama yake Ihanda, juu ya picha ya harusi ya wazazi. Na kwa miaka minne alijifanya hajui kurekebisha tovuti aliyoshiriki kuijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alijifanya vizuri mno hata ofisi nzima ikaamini, na kuaminiwa huko ndiko kulikomponza.

Sababu ya yote hayo ilikuwa na jina, nayo iliitwa Novatus.

Ushirika ulipotaka kuwa na tovuti yake uliajiri vijana wawili: Placida, na huyo Novatus wa Nyakakika, mrefu, mwenye sauti ya chini kama anayeogopa kuamsha mtoto. Wakapewa chumba nyuma ya ghala, meza moja ya watu wawili, na dirisha linalotazama pale malori ya wanunuzi wa mazao yanapogeuzia. Vumbi la maganda ya kahawa liliingia kwenye kompyuta bila hodi. Humo waliiandika tovuti mstari kwa mstari, kuanzia ukurasa mtupu, mpaka mkulima akaweza kufungua simu yake shambani na kuona bei ya kahawa ya siku hiyo, na mnunuzi wa ng'ambo akaweza kutazama picha za mashamba na kuandika kuomba sampuli.

Novatus alikuwa amemtangulia kwa ujuzi, lakini hakuwa na ile tabia ya mafundi ya kumnyang'anya mwanafunzi kazi mkononi. Alikaa kando amefumbata mikono, akamwambia asome tena mstari ule pole pole, kosa ataliona mwenyewe. Placida akasoma tena, akaliona. Siku nyingine hakuliona, na Novatus akangoja tu, huku malori yakinguruma nje, mpaka akaliona.

Fundi wa tovuti anaweza kuandika katikati ya msimbo wake, yaani ile mistari ya maagizo inayoiendesha tovuti, maneno ambayo msomaji wa tovuti hayaoni kamwe. Ni maneno ya mafundi wenyewe, ya kukumbushana kazi. Wengine huandika kwamba hapa ni bei, hapa ni picha. Novatus aliandika, "Hapa Kobugabe alimwaga chai." Naye Placida akamjibu chini yake kwamba chai ilimwagwa na miguu ya mtu mrefu asiyejua kuikunja. Kwa miaka mitatu tovuti ya ushirika ilijaa mambo hayo kwa ndani, na mwenyekiti na wanunuzi wa Ulaya waliitazama kwa nje wakaona bei na picha za mashamba tu. Na katika ofisi nzima Novatus peke yake ndiye aliyemwita Kobugabe, jina lake la nyumbani. Wengine wote walimwita Placida.

Alimpenda. Nalisema hapa waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata kulisema. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini wahenga hao hawakumjua Placida, binti wa Ma Dafroza. Huyu angeweza kukaa na kikohozi chake ibada nzima bila kumgeuza hata mtu wa benchi la mbele. Halafu yeye alikuwa Mlutheri, tena mtoto wa mwinjilisti, na Novatus alikuwa Mkatoliki wa rozari mfukoni. Hilo nalo lilikuwepo, ingawa wapo wengi walioliruka wakaoana, na watoto wao wamekwisha kubatizwa.

Kisha Novatus akapata kazi Dodoma, kazi nzuri, ya namna ambayo rafiki wa kweli hawezi kumwombea mtu aikose. Asubuhi ya kuondoka Placida alimpelekea stendi kifungu cha kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa na mama yake, kama anavyofungiwa msafiri yeyote. Wakapeana mikono kama wajumbe wa bodi waliomaliza kikao. Basi likaondoka, naye akarudi ofisini akaikuta meza ya watu wawili imekuwa kubwa mno.

Sasa msomaji wa mjini ataniuliza, kwani simu hakuwa nayo? Alikuwa nayo. Lakini Placida alilelewa na Ma Dafroza, na kwa Ma Dafroza mtoto wa kike haendi mlangoni kwa watu bila neno. Hakupata kutumwa kwa jirani kusalimia tu. Alitumwa kupeleka chumvi, kuomba moto, kurudisha ungo, na salamu ikapanda mgongoni mwa jambo hilo kama mtoto. Mtu akitokea uani bila jambo, wenyeji humtazama miguu yake wakingoja aseme nani kafa. Basi angempigia Novatus amwambie nini? Kwamba meza ni kubwa?

Haukupita muda mrefu ukurasa wa bei ukagoma. Ulikuwa mgomo wa kweli, bei zilipotea zote, na Placida alijaribu kwanza akashindwa. Akapiga. Sauti ile ya chini ikaja kutoka Dodoma ikimuuliza, "Kobugabe, kimeharibika nini?" Akaeleza. Wakaurekebisha pamoja, yeye akisoma mistari kwa sauti na Novatus akingoja, na kazi ilipokwisha simu haikukatwa. Wakaulizana mvua. Novatus akasema Dodoma wanauza ndizi zilizosafiri mpaka zikasahau zilikotoka. Placida akacheka peke yake chumbani mpaka mlinzi wa ghala akachungulia.

Mara ya pili kilipoharibika kitu, alikuwa anakijua. Mkono ulikuwa tayari umekwenda kwenye mstari wenyewe, ukasimama. Akachukua simu.

Ndivyo ilivyoanza. Tusimsingizie kwamba alikuwa anaiharibu tovuti. Hakufanya hivyo hata siku moja. Ilijiharibikia yenyewe, kama nyumba yoyote ya kujengwa kwa mikono inavyovuja hapa na kupasuka pale. Yeye alichofanya ni kuacha kuziba matundu anayoyaweza. Kila kilipotokea kitu alisema, "Ngoja nimuulize Novatus," na ofisi ikamzoea hivyo, mpaka wakawa wanamtania kwamba tovuti ya Nkwenda inaendeshwa na waya mrefu wa kutoka Dodoma. Alipokea utani huo kwa unyonge wa kuigiza. Siku ambazo tovuti ilikuwa nzima kwa muda mrefu, alianza kuitazama kwa jicho baya.

Ndipo akaja meneja mpya, Twesigye, kijana mwadilifu, mwenye haraka, asiye na ubaya na mtu. Nasema hivyo ili asije akachukiwa bure. Alikaa mwezi wa kwanza akiangalia tu namna kazi inavyokwenda, akaitisha kikao. Akasema tovuti yetu ni nzuri, lakini ni mgonjwa wa kudumu ambaye daktari wake anaishi Dodoma. Kila ikikohoa, Bi Placida anapiga simu. Je, siku daktari asipopokea? Je, katikati ya msimu, wakulima wakitaka bei? Kwa hiyo uongozi umechagua jukwaa jipya la kutengenezea tovuti, ambalo kampuni yenyewe hulitunza. Fundi haandiki msimbo. Anachagua vipande vilivyokwisha kutengenezwa, anaviburuta na kuvipanga, hapa picha, hapa maneno, hapa bei. Haliharibiki, akasema, na likiharibika wenyewe watalirekebisha kabla hujajua. Akamgeukia Placida akitabasamu, akamwambia kuanzia sasa hatahitaji kumsumbua yule bwana tena.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Placida angeweza kulizuia jambo hilo palepale, kwa sentensi moja tu: kwamba ile tovuti anaweza kuitunza peke yake, kila mstari wake, usiku na mchana, na hamhitaji mtu wa Dodoma wala wa wapi. Sentensi ilikuwa ya kweli na ilimfika ulimini. Lakini swali la pili lingekuwa, basi ulikuwa unampigia kwa nini? Akatazama karanga za kikao zilizokuwa kwenye sahani. Akasema sawa, meneja, atajifunza.

Alijifunza. Masomo yalikuwa ya video, na mwalimu alikuwa mwanamke mchangamfu wa nchi ya mbali ambaye kila baada ya hatua aliuliza, umeona ilivyo rahisi? Placida alimchukia kwa moyo wote. Ilikuwa rahisi kweli. Kazi iliyowachukua yeye na Novatus masika nzima, hapa ilikuwa ni kubofya, kuburuta na kuachia. Lingekuwa jambo gumu angepata la kulaumu, angerudi kwa Twesigye na kusema limenishinda. Lakini vidole vyake viliizoea kazi kabla yeye hajaikubali, na hilo lilimuuma, kwa sababu aliona vidole vinamsaliti.

Kilichomchosha ni kwamba hapakuwa na ndani. Alikuwa amezoea kuifungua tovuti kama mtu anavyofungua nyumba yake, anajua nguzo ipi imeegemea ipi. Humu alibofya kila pembe akitafuta pa kuingilia, akakuta pamefungwa. Wenye jukwaa wamekaa ndani na ufunguo, wewe umepewa sebule. Siku moja alijaribu kitu cha kitoto. Akafungua kipande kipya cha maneno, akaandika, "Hapa Kobugabe alimwaga chai." Yakatokea palepale kwenye ukurasa, makubwa, meusi, kati ya bei ya kahawa na picha ya ghala, tayari kusomwa na dunia nzima. Akayafuta kwa haraka kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Jukwaa halikuwa na mahali pa neno ambalo msomaji halioni.

Kulikuwa pia na kisanduku cha maongezi pembeni ya skrini, kilichomsalimia kila asubuhi kwa jina na kumuuliza asaidiwe nini leo. Aliwahi kukwama kidogo, akaandika swali humo. Jibu lilikuja hapo hapo, lilikuwa sahihi, na hakuna aliyemuuliza kama mvua imeanza Ihanda.

Wakati huo tovuti ya zamani ilikuwa bado hewani, na Twesigye alikuwa amekataza isiguswe. Ikiharibika iacheni, alisema, tunaihama. Picha za mashamba zikapotea katika ukurasa mmoja, na Placida akazitazama zilivyopotea, simu iko mezani, jina la Novatus liko la pili kutoka juu. Kazi ya kumpigia haikuwepo tena. Alimkumbuka siku ile mpaka akahisi njaa ambayo haikuwa ya chakula. Akafikiri pengine Novatus ataona kimya kirefu, atapiga yeye. Novatus hakupiga. Miaka yote minne hakuwahi kupiga. Alikuwa mtu wa kupigiwa.

Alijaribu kuchelewesha. Alimwambia Twesigye kwamba kuna masomo mengine hajayamaliza, ilhali alikuwa ameyamaliza na kuyarudia. Lakini msimu wa kahawa haumngoji mtu, na Placida hakuwa mtu wa kumwacha mkulima wa Nyakakika asijue bei eti kwa sababu moyo wake una shida zake. Akafunga kazi. Aliifunga vizuri, kila ukurasa mahali pake, na akaitwa kuionyesha kwa bodi.

Bodi ilikutana ofisini mchana, soda na maandazi mezani. Mwenyekiti alikuwa mzee Kahigi, mkulima wa kahawa wa Ihanda, mtu wa maneno machache yaliyokaa sawasawa. Placida alipiga magoti kidogo akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaanza kuonyesha. Kurasa zikapita, wajumbe wakaguna kwa kuridhika. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amesahau kuondoa picha iliyokuja na jukwaa lenyewe, ndizi mbivu za njano zimepangwa kwenye bakuli la kioo, na mzee Kahigi akauliza kama ushirika sasa unakaribisha wageni au nyani. Watu wakacheka, Placida akaitoa picha hiyo mbele yao akaweka mkungu wa ndizi za kupika, na wote wakaona kwa macho yao jinsi inavyofanyika kwa wepesi. Twesigye alifurahi kama bwana harusi.

Mzee Kahigi akawa bado anaitazama skrini. Akauliza ile ya zamani itakuwaje. Twesigye akasema itazimwa. Akauliza aliyeijenga ameambiwa? Twesigye akasema aliyeijenga ni Bi Placida, huyu hapa, pamoja na mwenzake aliyekwisha kuondoka, na huyo atapelekewa barua pepe.

"Kwetu hubomoi nyumba kabla hujamwambia aliyeijenga," mzee Kahigi alisema. "Hata kama alihama. Barua pepe hupelekewa mtu usiyetaka akujibu. Placida mwanangu, mpigie, na sisi tusikie."

Hivyo ndivyo Placida alivyopewa jambo la kumpigia Novatus, jambo halali, kubwa, lenye baraka za mwenyekiti, mbele ya bodi nzima na chupa za soda. Akaweka sauti kubwa kama alivyoagizwa. Simu ikaita mara moja tu.

"Kobugabe," sauti ikasema kabla ya salamu yoyote, kwa furaha ya mtu anayedhani hasikiwi na mwingine, "kimeharibika nini leo?"

Wajumbe wawili wakatazamana. Placida akasema upesi kwamba yuko na bodi, mwenyekiti anasikia. Upande wa pili ikaja sauti nyingine, iliyovaa suti, ikimwamkia mwenyekiti shikamoo. Mzee Kahigi akaingia Kinyambo, lugha ya nyumbani. Akamuuliza habari za Dodoma, akamuuliza kama anajua babu yake wa Nyakakika amepona mguu, kisha akamweleza taratibu kwamba nyumba aliyoijenga imewahifadhi vizuri, na sasa wanahama, na hawakutaka alisikie jambo hilo njiani. Novatus alishukuru. Alisema nyumba ni ya wenyewe, na kwamba hata hivyo ilikuwa imeanza kuchoka. Kisha akasema, "Mmefanya vizuri, Placida."

Placida, alisema. Mzee Kahigi akaridhika, akasema mjenzi ametufungulia njia, na akachukua andazi. Placida aliondoka na kompyuta kifuani akaenda kusimama nyuma ya ghala, pale magunia yanaposhushwa. Alikuwa amesikia sauti aliyoingoja wiki zote zile, na hakupata hata neno moja la kuiambia.

Kuizima tovuti ya zamani aliachiwa yeye, kwa heshima. Asubuhi ile kabla ya kuizima alisoma msimbo wote kutoka juu hadi chini, pole pole, kama alivyofundishwa. Chai iliyomwagika. Siku umeme ulipokatika wakahesabu vimulimuli. Siku Novatus alipougua malaria akaandika mstari mzima bila kuacha nafasi hata moja. Hakuyanakili popote, maana alikuwa anayajua yote kwa moyo. Akabofya, na ilikuwa imekwisha.

Tovuti mpya ilifunguliwa, na haikuharibika. Wakulima walisifu bei kuonekana upesi, wanunuzi waliandika, Twesigye alimpa Placida cheti cha pongezi chenye rangi tatu. Alikwenda kazini, alibandika bei, alibadilisha picha, alirudi chumbani kwake alikopanga jirani na soko. Kama kungekuwa na tundu moja tu kwenye tovuti hiyo angelibusu. Alimtamani Novatus kwa namna ya aibu kabisa, ya kuangalia hali ya hewa ya Dodoma asubuhi, yeye ambaye hana shamba Dodoma wala ndugu. Mvua haikuwa inanyesha. Akasikitika kama vile yeye ndiye atakayelowa ikinyesha.

Jumapili moja alikwenda Ihanda. Alishuka Omurushaka akapanda bodaboda, akawahi ibada, na mchana baada ya chakula akamkuta mama yake uani anageuza kahawa iliyoanikwa. Ma Dafroza alikuwa mtu wa kufanya kazi akiwa ameinama na kuuliza mambo makubwa akiwa hajainuka. Akasema siku hizi simu yako imekuwa na adabu. Placida akacheka kidogo. Mama akasogeza kahawa kwa mguu, akauliza kama yule wa Nyakakika hawana kazi naye tena.

"Hatuna, Mama. Tovuti mpya haiharibiki."

Ma Dafroza akainuka, akashika kiuno, akamtazama binti yake usoni kwa muda.

"Pole," akasema.

Alilisema neno hilo kama anavyoambiwa mfiwa, kwa uzito wake kamili, akarudi kuinama. Na Placida, aliyekaa na kikohozi kile miaka saba, alilia pale pale uani akisingizia vumbi la maganda. Mama yake akamwachia hilo vumbi.

Jua lilipoanza kuhamia upande wa migomba alichukua simu akaenda nyuma ya jiko. Hakuwa na jambo. Alijitafutia moja, kuuliza mguu wa babu, kuuliza nenosiri fulani la zamani, na kila moja akalitupa, kwa sababu alikuwa amechoka kubeba ungo wa watu kila anapotaka kumwona mtu. Akapiga mikono mitupu. Alijiona kama amebisha hodi nyumba ya askofu.

"Kobugabe. Kimeharibika nini?"

"Hakuna."

"Hilo jukwaa?"

"Linafanya kazi."

"Na ile yetu?"

"Niliizima."

Placida alisikia upande wa pili mlango unafunguliwa na kufungwa, na baada ya hapo upepo, mwingi, mkavu, wa mahali pasipo na migomba. Novatus alikuwa ametoka nje.

"Sasa una shida gani?" akauliza, kwa upole.

"Sina shida. Nimekupigia tu."

Akangoja aulizwe nani kafa. Novatus hakuuliza. Alinyamaza kwa muda ule ule aliokuwa akinyamaza zamani mezani, akimngoja aone.

"Ule ukurasa wa bei," akasema hatimaye, "mara ya mwisho. Ungeweza kuurekebisha wewe mwenyewe."

"Ningeweza."

"Na zile picha za mwaka jana."

"Na zile pia."

"Nilijua. Nilijua tangu mwaka ule wa kwanza. Nilikufundisha mimi, ningekosaje kujua?"

Placida akaegemea ukuta wa jiko. Uso ulikuwa unamwaka, na hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa kuku.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenipigia kwa lipi?"

"Na wewe?" akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira ya miaka yote minne. "Wewe hukunipigia hata mara moja."

"Ningekuambia nini, Kobugabe? Huku kwangu hakukuwa na kitu kinachoharibika."

Upepo wa Dodoma ulivuma ndani ya simu, na huku Ihanda mama yake alisikika anakusanya kahawa kwa ufagio, akiifanya kazi hiyo kwa kelele kuliko ilivyohitaji, ili ijulikane kwamba hasikilizi. Nilitaka niwaambie kwamba Novatus alipanda basi siku iliyofuata. Hakupanda. Ana kazi Dodoma, na Placida ana kazi Nkwenda, na kati yao nchi imelala ilivyolala. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo mtu hamuulizi mtu wa ofisini.

"Leo mmepika nini?"

"Ndizi na maharage. Na nyanya chungu."

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Niambie," Novatus alisema. "Tangu mwanzo. Usiharakishe."

Placida akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumsimulia, tangu kumenya ndizi.